Maswali ya Wasomaji: Kana Zilizofutwa na Sauti Zilizotoweka Kabla Yake

SWALI. Jedwali la kana ninalojifunzia Kijapani lina wa na wo peke yake katika safu ya W. Jedwali la zamani nililoliona lina herufi mbili zaidi, ゐ na ゑ. Zilisomwaje, na kwa nini hazifundishwi tena?

JIBU. Zilisomwa wi na we. Kijapani kina kana za aina mbili, hiragana na katakana, na katika kila aina herufi moja husimama badala ya silabi nzima; ndiyo maana silabi hizo mbili zilikuwa na maumbo manne, yaani ゐ na ゑ katika hiragana, ヰ na ヱ katika katakana. Zote ziliondolewa katika matumizi ya kawaida na kanuni za tahajia ziitwazo Gendai Kanazukai, ambazo Baraza la Mawaziri la Japani lilizitangaza tarehe 16 Novemba 1946, siku ileile lilipotangaza orodha ya herufi 1,850 za Kichina zilizoruhusiwa katika maandishi ya umma.

Hata hivyo, mwaka 1946 haukuua sauti yoyote. Kufikia karne ya 13 Wajapani wa mji mkuu wa Kyoto walikuwa wameacha kutofautisha wi na i, au we na e, katika mazungumzo yao. Herufi ziliendelea kuandikwa kwa takribani miaka mia saba baada ya hapo, na katika muda wote huo aliyetaka kuandika kwa usahihi alilazimika kukariri kwamba iru yenye maana ya kuwapo mahali huandikwa ゐる, ilhali iru yenye maana ya kuingia huandikwa いる. Kwamba koe, yaani sauti ya mtu, huandikwa こゑ. Na kwamba e, yaani picha, ni ゑ peke yake. Sikio halikumsaidia hata kidogo.

Wi na we hazikuwa za kwanza kupotea. Kabla yake ilipotea tofauti ya e na ye, katikati ya karne ya 10, na mwanzoni mwa karne ya 11 ikafuata ile ya o na wo. Silabi hizi zilipoungana, matamshi yaliyoshinda hayakuwa e na o kama mtu angetarajia, bali ye na wo, na yalidumu hivyo kwa karne nyingi kabla ya kurudi kuwa e na o katika karne ya 18. Wageni wa Ulaya waliofika Japani katika karne ya 16 waliandika walichosikia: ye mahali pa e, na vo au uo mahali pa o. Mazoea hayo ya kuandika ye yaliendelea, na mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ukaitwa Yedo katika ramani nyingi za Kizungu. Fedha ya Japani, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1871, Wajapani wenyewe huitamka en, na kwa tahajia yao ya kale iliandikwa ゑん, yaani wen. Lakini dunia nzima huiandika yen. Herufi y iliyomo humo haikutoka katika asili ya neno, imetokana na kipindi ambacho e, ye na we zote zilitamkwa ye.

Ukitaka kuziona herufi hizi zikiwa bado kazini, zitazame katika majina ya biashara za zamani. Bia ya Yebisu huandikwa ヱビス, na kampuni ya Nikka huandika neno wiski ndani ya jina lake rasmi kwa ヰ.

SWALI. Mnasema kwa uhakika jinsi watu walivyotamka miaka elfu moja iliyopita. Hakukuwa na vinasa sauti. Mnajuaje?

JIBU. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote yaliyotufikia, nami nitalijibu kwa urefu, kwa sababu majibu mengine yote katika ukurasa huu yanalitegemea.

Shahidi wa kwanza ni kosa la tahajia. Mwandishi ambaye ulimi na sikio lake hutofautisha silabi mbili hawezi kuzibadilishanabadilishana herufi zake kila mara. Atakapoanza kuandika ゐ panapostahili い katika neno moja, na い panapostahili ゐ katika neno jingine, amekwisha kutuambia kwamba kwake zote mbili ni sauti moja. Hivyo wataalamu hupanga hati kwa tarehe na kutazama mkanganyiko unaanzia wapi. Mwandishi asiyejua kanuni ana faida kubwa kwetu kuliko msomi aliyezikariri, kwa maana msomi huificha sauti yake nyuma ya mafunzo yake.

Shahidi wa pili ni mashairi ya kujifunzia herufi, yaliyotungwa ili kila silabi itumike mara moja tu. Shairi maarufu ni Iroha, ambalo nakala yake ya kale zaidi iliyopo ni ya mwaka 1079. Lina silabi 47, zikiwemo wi, we na wo. Ipo pia orodha ya kale kuliko hilo, Ametsuchi, yenye silabi 48, na silabi iliyozidi ni e ya pili. Aliyeitunga hakukosea kuhesabu. Katika zama zake e na ye zilikuwa silabi mbili, na kila moja ilihitaji nafasi yake. Alama ya tofauti hiyo bado imo mikononi mwa kila mwanafunzi wa Kijapani: hiragana え ilitokana na herufi ya Kichina 衣, iliyotumika kwa e, na katakana エ ilitokana na 江, iliyotumika kwa ye. Leo zinafundishwa kama pacha, ingawa zilizaliwa kwa silabi tofauti.

Kisha wapo mashahidi wa kigeni. Mwaka 1492 kulichapishwa nchini Korea kitabu cha kuwafundishia wakalimani Kijapani, ambamo kana zimeandikiwa matamshi yake kwa hangul, maandishi ya Kikorea ambayo wakati huo hayakuwa yametimiza nusu karne tangu yatangazwe. Karne moja baadaye Wajesuiti, yaani wamisionari wa shirika moja la Kikatoliki, walileta mashine ya kuchapia na kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini kwa kufuata tahajia ya Kireno. Katika kitabu walichokichapa Amakusa mwaka 1592 jina la nchi ni Nifon, na ukoo wa Heike umeandikwa Feiqe. Kamusi yao ya Kijapani na Kireno, iliyochapwa Nagasaki mwaka 1603 na kuongezewa nyongeza mwaka 1604, ina maelfu ya maneno yaliyoandikwa kwa utaratibu huo. Maneno yaanzayo leo kwa h yamo humo chini ya F, na silabi se imeandikwa xe, yaani she kwa matamshi ya Kireno. Ushahidi wa namna hii una uzito wa pekee, kwa kuwa mgeni hakuwa amelelewa katika mapokeo ya tahajia ya Kijapani, aliandika alichokisikia.

Shahidi wa mwisho nitakayemtaja ni kitendawili. Katika mkusanyo wa mwaka 1516 unaohusishwa na Go-Nara, ambaye baadaye alikuwa mfalme mkuu, mna kitendawili kisemacho: kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hawakutani hata mara moja. Jibu lake ni midomo. Kwa Kijapani cha leo jibu hilo halina maana, kwa sababu mama ni haha na baba ni chichi, na hakuna hata neno moja kati ya hayo ambalo midomo hukutana. Linaeleweka mara moja ukijua kwamba h ya wakati ule ilitamkwa kwa kupuliza pumzi kati ya midomo miwili iliyokaribiana, kama inavyosikika hadi leo katika silabi fu ya Fuji. Mama alikuwa fafa, au fawa kwa matamshi mengine ambayo kamusi ya Wajesuiti nayo inayataja, na katika yote mawili midomo husogeleana mara mbili. Watu waliotegeana kitendawili hicho hawakuwa na nia ya kutuachia somo la fonetiki, na kwa sababu hiyo hiyo hatuna haja ya kuutilia shaka ushuhuda wao.

SWALI. Kwa nini は husomwa ha ndani ya maneno lakini wa inapofuata jambo linalozungumziwa, na へ husomwa he lakini e inapoonyesha uelekeo?

JIBU. Kwa sababu herufi hizi mbili zimebaki mahali pake huku sauti ikihama chini yake, na kanuni za 1946 ziliamua kutozigusa.

Safu yote tunayoiita H ilianza, kwa kadiri wanaisimu wengi wanavyokubaliana, kuwa safu ya P. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanaisimu Ueda Kazutoshi alilitetea wazo hilo kwa hoja ambazo hadi leo zina nguvu. Wajapani walipoazima maneno ya Kichina yaliyoanza kwa h, hawakutumia safu yao ya H bali safu ya K: jina la nasaba ya Han lilikuwa Kan, na hai, bahari, ikawa kai. Kama wangekuwa na h ya kooni, wangeitumia. Aidha, katika lahaja za visiwa vya Miyako na Yaeyama, kusini kabisa mwa nchi, ua ambalo Tokyo huitwa hana bado huitwa pana.

P hiyo ililegea ikawa sauti ya pumzi kati ya midomo. Mwanzoni mwa neno ilidumu hivyo hadi enzi ya Edo (1603–1868), ndipo ikawa h. Katikati ya neno, kati ya irabu mbili, ililegea zaidi: kufikia karne ya 11 ilikuwa imegeuka w. Mto ulioandikwa かは, kaha, ukatamkwa kawa. Na kwa vile w nayo ilikuja kupotea mbele ya i, u, e na o, neno la uso, lililoandikwa かほ, kaho, likapitia kawo na kufika kao. Vijineno は na へ havisimami peke yake. Hutamkwa vikiwa vimegandamana na neno lililotangulia, kwa hiyo vilihesabiwa kuwa katikati, na vikafuata njia ya kawa: ha ikawa wa, he ikawa we na hatimaye e.

Mwaka 1946 maneno kama kawa na kao yaliandikwa upya kufuata matamshi. Vijineno は, へ na を viliachwa kama vilivyokuwa, kwa kuwa vinajitokeza karibu katika kila sentensi na kuvibadilisha kungemsumbua kila msomaji katika kila mstari. Ndiyo maana を, herufi ya wo, ilinusurika ilhali dada zake ゐ na ゑ hazikunusurika, ingawa wazungumzaji wengi huitamka o tu.

Mageuzi yale yalikuwa na wapinzani wenye hoja, mmojawapo akiwa mhakiki Fukuda Tsuneari, na sidhani ni haki kuwaita wapenda mambo ya kale tu. Tazama kitenzi cha kununua. Kwa tahajia ya zamani maumbo yake yalikuwa kaha, kahi, kafu, kahe, yote katika safu moja, na mwanafunzi aliuona utaratibu wake bila kuelezwa. Kwa tahajia ya leo ni kau, lakini ukikanusha unapata kawanai, na w inaonekana kama imeanguka kutoka angani. Kwa upande mwingine, tahajia hiyohiyo ilimtaka mtoto aandike けふ, kefu, na kusoma kyō, yaani leo; aandike てふてふ, tefutefu, na kusoma chōchō, yaani kipepeo. Safari ya sauti hizo inafuatika hatua kwa hatua: tefu ikawa teu, teu ikawa tyō, tyō ikawa chō. Lakini kumbebesha mtoto wa miaka sita historia hiyo kabla hajajua kuandika neno leo ni mzigo usio wa lazima, na kwa maoni yangu waliofanya mageuzi walikuwa sahihi, mradi tahajia ya kale iendelee kufundishwa pamoja na fasihi ya kale, kama inavyofanyika katika shule za sekondari za Japani.

SWALI. Nani aliamua tahajia ya kale sahihi ni ipi, kama watu walikwisha kuchanganya sauti tangu karne ya 13?

JIBU. Wa kwanza kulishughulikia kwa dhati alikuwa mshairi Fujiwara no Teika, aliyeishi kati ya 1162 na 1241. Alinakili vitabu vingi vya kale, akakutana na mkanganyiko huo, akajiwekea kanuni. Kwa お na を aliamua kwa toni: silabi iliyotamkwa juu aliiandika を, na ya chini お. Ulikuwa utaratibu wa busara kwa mtu wa zama zake, lakini haukuwa na uhusiano na asili ya maneno, na kwa karne kadhaa washairi waliufuata kama sheria.

Aliyeurudisha mjadala kwenye ushahidi ni mtawa Keichū (1640–1701). Alipokuwa akifafanua Man'yōshū, mkusanyo wa mashairi wa karne ya 8, aligundua kwamba maandishi ya kale hayana mkanganyiko: kila neno lina tahajia moja thabiti. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1695, na juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa tahajia iliyofundishwa shuleni tangu enzi ya Meiji (1868–1912) hadi 1946. Msomi Motoori Norinaga, katika kazi yake ya mwaka 1776, alisahihisha kosa jingine lililokuwa limezoeleka: katika majedwali ya wakati wake お ilikuwa imewekwa safu ya W na を safu ya irabu. Alionyesha kwamba zimebadilishana nafasi, na jedwali unalolitumia leo limefuata masahihisho yake.

SWALI. Nimesoma kwamba Kijapani cha karne ya 8 kilikuwa na irabu nane. Je, ni kweli?

JIBU. Tutenganishe kilichothibitika na kinachokisiwa. Kabla ya kana, Kijapani kiliandikwa kwa herufi za Kichina zilizotumiwa kwa sauti yake tu. Katika hati hizo, silabi ambazo leo ni moja hugawanyika katika makundi mawili yasiyochanganyika. Jua na moto, kwa mfano, vyote leo ni hi. Lakini hi ya jua iliandikwa kwa herufi kama 比, na ile ya moto kwa herufi kama 肥 au 斐, wala moja haiingii mahali pa nyingine. Mgawanyo huu unazihusu silabi kadhaa zenye i, e na o. Ishizuka Tatsumaro, mwanafunzi wa Norinaga, aliuona mwishoni mwa karne ya 18, ila kazi yake haikueleweka hadi mwanaisimu Hashimoto Shinkichi alipoifufua mwaka 1917.

Makundi mawili yapo. Hilo halina shaka. Idadi ya irabu nane ni tafsiri mojawapo ya makundi hayo. Wapo wanaosema tofauti ilikuwa katika irabu zenyewe, na wapo wanaosema ilikuwa katika kiyeyusho, yaani sauti kama y au w, kilichotangulia irabu. Mimi naona ni salama zaidi kusema silabi zilikuwa mbili na kuacha idadi ya irabu wazi. Manufaa ya ugunduzi huo hayategemei jibu hilo. Zamani ilidhaniwa kwamba kami, mungu, ni neno moja na kami, juu. Mi ya mungu ni ya kundi moja na mi ya juu ni ya kundi jingine; asili hiyo haiwezi kushikiliwa tena kwa urahisi kama zamani.

SWALI. Kwa nini kuna herufi mbili za ji, じ na ぢ, na mbili za zu, ず na づ?

JIBU. Zilikuwa silabi nne. Ji na zu za kwanza zilitoka safu ya Z, za pili zilianza kuwa di na du. Kufikia mwisho wa karne ya 17 zilikuwa zimeungana Kyoto, na mwaka 1695 kilitoka kitabu kizima cha kufundisha kuzitofautisha, ambacho jina lake limetungwa kwa maneno manne, shijimi, chijimi, suzumi na tsuzumi, kila moja likiwa na mojawapo ya silabi hizo. Kitabu cha namna hiyo huandikwa pale ambapo wasomaji wamekwisha kuhitaji msaada. Lahaja ya Tosa, katika mkoa wa Kōchi, ilizihifadhi zote nne hadi karne ya 20, ilhali sehemu kubwa ya kaskazini, Tōhoku, imezifanya moja. Leo huandikwa じ na ず, isipokuwa pale ambapo asili iko wazi: mikazuki, mwezi mwandamo, hubaki na づ kwa sababu ya tsuki, na tsuzuku, kuendelea, kwa sababu silabi imerudiwa.

SWALI. Je, ninaweza kuziandika herufi zilizofutwa kwenye kompyuta?

JIBU. Ndiyo. Katika programu nyingi za kuingizia Kijapani, chapa wyi upate ゐ na wye upate ゑ. Herufi ya kale ya ye, 𛀁, imo katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuzipa namba herufi za kompyuta, tangu toleo la mwaka 2010. Zipo pia hentaigana, yaani maumbo mbadala ya kana yaliyotumika kwa pamoja hadi kanuni za shule za msingi za mwaka 1900 zilipochagua umbo moja kwa kila silabi. Maumbo hayo yangali yanaonekana kwenye mabango ya maduka ya tambi za soba na katika majina ya wanawake kwenye daftari za zamani za familia. Hentaigana 285 ziliingizwa katika Unicode mwaka 2017. Ukiona visanduku vitupu mahali pake, kifaa chako hakina fonti yake, nawe utahitaji kuiweka kwanza.